Folio ya Nane

Jumamosi ile ya mwezi wa pili soko la Majengo lilikuwa limejaa mpaka njia za pembeni, na Sikudhani Abubakari alikuwa amesimama mbele ya meza ya karanga akichagua punje moja moja. Nyuma yake kulikuwa na foleni. Hakuijali. Alivaa dera la kijani lililopauka mabegani na ushungi mweusi, na vidole vya mkono wake wa kulia vilikuwa na madoa ya zambarau yaliyoshindikana kwa sabuni. Alikuwa na miaka thelathini na mbili, na alionekana amechoka ule uchovu ambao hauishi kwa kulala.

"Dada, karanga ni karanga," alisema Ruthu, mwenye meza, mwanamke wa Kigogo mwenye sauti ya kuongoza kwaya. "Unazichagua kama unazioa!"

"Nataka nzima, zisizo na mkunjo. Si za kula hizi."

"Kama si za kula ni za nini?"

"Za kuotesha kwenye chupa."

Ruthu aliwatazama waliokuwa kwenye foleni, awaombe ushahidi kwamba dunia imeharibika. Kisado kilipojaa, akamimina kwenye mfuko na kuufunga. Sikudhani hakuupokea.

"Na nyongeza?"

"Umesimama hapa nusu saa, umenichagulia zote nzuri, halafu nyongeza?"

"Nyongeza haihusiani na kuchagua. Nyongeza ni nyongeza."

"Mpe, mama," ilisema sauti ya mwanamume nyuma yake. "Mpe tu, na kama huna, nitamtolea kwenye zangu. Nimesimama hapa mpaka kiatu kimeota vumbi."

Sikudhani aligeuka. Aliona shati la kitenge lililopigwa pasi vizuri, ndevu zilizochongwa, na kweli, viatu vyeusi vilivyokuwa vimeng'arishwa asubuhi na sasa vinasikitisha. Yule bwana alichota karanga kwa kiganja chake, akaufungua mfuko wa Sikudhani na kuzitia.

"Kiganja chako kikubwa," Sikudhani alisema.

"Ndiyo maana mama huyu hakubali nijipimie. Wewe ni wa Kondoa."

"Umejuaje?"

"Ubishi. Mimi wa Bereko. Naitwa Hamidu."

"Basi wewe ubishi umeupunguzia njiani, maana umenipa bila kugombana." Akacheka, na kucheka kwenyewe kukamshangaza, kwa sababu hakukumbuka mara ya mwisho ilikuwa lini.

Waliachana sokoni, lakini namba za simu zilikwisha kubadilishana mikono. Siku ya tatu alasiri Hamidu alipiga.

"Halo, mwenye karanga zisizoliwa."

"Halo, mwenye viatu."

"Nimekuwa nawaza. Kwa nini walikuita Sikudhani?"

"Mama alikaa miaka kumi na moja bila mtoto. Nilipokuja akasema hakudhani. Na wewe umenipigia kuuliza hilo tu?"

"Hapana. Nimepiga kuuliza kama umekula."

"Sijala."

"Saa kumi hii! Unafanya nini?"

"Naziangalia karanga ulizonipa. Zimeanza kuota. Zako zimeota kuliko za Ruthu."

"Usinidanganye, Siku."

"Wallahi."

Ikawa hivyo. Hamidu alipanga chumba na sebule Chang'ombe, Sikudhani alikuwa Area D, na kila jioni baada ya kazi mmoja alimpigia mwenzake. Hamidu alimwita mama karanga. Sikudhani alimwita bwana pasi, kwa sababu hakuwahi kumwona na shati lenye mkunjo. Yeye alikuwa mtafiti, mwanafunzi wa shahada ya uzamivu mwaka wake wa nne. Hamidu alisema yuko serikalini, Mtumba, mambo ya makaratasi, na kwa kuwa nusu ya watu wa Dodoma husema hivyohivyo, Sikudhani hakuuliza zaidi.

Jumamosi ya nne walikaa kwenye mgahawa wa barazani Area D, chai ya maziwa na vitumbua. Mvua ilikuwa imenyesha, ardhi inanukia. Hamidu akamwomba amweleze hiyo kazi ya karanga za kwenye chupa, amweleze vizuri, si kwa mzaha.

"Kuna bakteria wa udongoni," Sikudhani alianza, na mara sauti yake ikapata nguvu. "Kazi yake ni kuingia kwenye jeraha la mmea na kuacha humo kipande cha jeni zake. Mmea unaugua, unaota vinundu. Wataalamu wakamng'oa meno huyo bakteria. Sasa haumizi tena, lakini kubeba bado anabeba. Ukimpa jeni unayotaka wewe, anaifikisha ndani ya mmea."

"Mshenga."

"Eh?"

"Huyo ni mshenga. Anabeba maneno ya mtu kwenda kwenye nyumba ya watu."

Sikudhani aliweka kitumbua chini. "Miaka minne naandika maelezo ya kitaalamu. Mshenga! Kwa nini sikukutana na wewe mapema?"

"Na anapeleka posa ya nani?"

"Ya kinga. Mama analima karanga Kolo. Vidukari wakipita, shamba zima linadumaa. Majani ya njano, matawi mafupi. Mama anang'oa shina, anakung'uta udongo, anatazama chini, hakuna kitu. Anasema, haya, mwakani. Kila mwaka anasema mwakani." Akakisukuma kikombe pembeni. "Mimi sitaki tena mwakani."

"Na huyo mshenga mwenyewe yuko wapi?"

"Kwenye jokofu la Ikram, huko Ubelgiji. Ikram tumesoma naye Kondoa, yeye yuko tayari kunitumia hata leo. Nasubiri kibali. Na sisemi vibali ni vibaya, mimi mwenyewe sitaki kila mtu atembee na bakteria mfukoni. Lakini niliomba mwezi wa kumi, Hamidu! Msimamizi wangu amesema ikifika mwisho wa Septemba sina bakteria mkononi, wanafunga utafiti. Ufadhili umeshaongezwa mara moja, hauongezwi tena. Nitarudi Kolo na miaka minne ya karanga zilizoota kwenye chupa."

"Uliomba ofisi gani?"

Akamtajia. Hamidu alikiweka kikombe mezani taratibu, kama mtu aliyeungua.

"Siku. Hiyo ndiyo ofisi yangu."

"Acha!"

"Maombi ya viumbe hai vya maabara yanapita kwenye meza yangu. Yako yapo. S. Abubakari. Nilidhani ni mwanamume."

Sikudhani alishika kichwa kwa mikono miwili akacheka mpaka machozi. "Alhamdulillahi. Miezi mitano nahangaika, kumbe faili langu linakula vitumbua na mimi!"

Hamidu hakucheka. "Nisikilize. Kuanzia leo usiniulize neno lolote kuhusu hilo faili. Na mimi sitakuambia neno."

"Hata kama limeliwa na panya?"

"Hata hivyo."

"Sawa, bwana pasi. Sikuulizi." Na akamkonyeza.

Hapo ndipo walipopishana, na hakuna aliyejua. Katika nchi yetu hii, mtu wa ofisini akikuambia usiniulize, mara nyingi anamaanisha tulia, utaona mwenyewe. Sikudhani alitulia kuona. Hamidu alimaanisha alichosema.

Jumatatu yake Hamidu alifunga mlango wa ofisi, akaandika barua ya kujitoa kwenye faili la Sikudhani. Kanuni zilikuwa wazi. Afisa hashughulikii maombi ya mtu wake, lazima aandike barua, aeleze mtu huyo ni nani kwake, na akishajitoa asizungumze na mwombaji juu ya jambo hilo mpaka liishe. Barua yenyewe ilikuwa fupi. Sentensi moja tu ndiyo iliyomtoa jasho, akaichana mara tatu na kuiandika tena. Alipomaliza aliipeleka kwa mkurugenzi, na faili likarudi masijala kungoja afisa mwingine. Afisa mwingine aliyekuwa na sifa ni mmoja tu, Mzee Batholomeo, naye alikuwa kikazi nje ya nchi hadi mwezi wa sita.

Hamidu alijua. Alihesabu miezi kwa vidole, akaona inatosha kwa shida. Alijiambia kuwa ni heri kibali kichelewe kikiwa safi. Jioni ile alimpigia Sikudhani na kumuuliza kama amekula.

Machi ikapita, Aprili ikapita. Mvua zikakatika, upepo wa Dodoma ukaanza kazi yake ya kuhamisha vumbi kutoka upande mmoja wa mji kwenda mwingine. Kila asubuhi Sikudhani alifika maabara akakuta Hilda, fundi wa maabara, ameshafuta meza ambazo hazikuwa zimetumika.

"Bado?" Hilda huuliza.

"Bado."

Naye Sikudhani alitabasamu, kwa sababu alijua siri. Kuna mtu anamsaidia, na mtu huyo amemwambia asiulize. Alipokuwa na Hamidu aliongea mambo mengine yote, mama yake, harusi za watu, kama ndoa ya watu wawili wabishi inaweza kudumu. Hamidu alimnunulia ushungi wa rangi ya zabibu. Alimwambia anampenda, akalisema hilo wazi, Jumapili ya mwisho wa Aprili, wakitembea Nyerere Square, akiwa ameinamisha kichwa akitazama viatu vyake. Sikudhani alimjibu kuwa naye anampenda, tena alianza siku ya karanga, ila aliona aibu kupendea kiganja.

Katikati ya mwezi wa tano uvumilivu ukamwishia. Hakumuuliza Hamidu, aliahidi. Alipiga simu masijala.

"Faili hilo," alisema karani baada ya kupekuapekua, "lilikuwa kwa Bwana Hamidu. Alilirudisha tangu tarehe tatu mwezi wa tatu."

"Alilirudisha, maana yake nini?"

"Maana yake amelirudisha, dada. Sasa halina mtu. Lipo tu hapa."

"Tangu mwezi wa tatu lipo tu hapo?"

"Ndiyo."

Sikudhani aliikata simu. Akakaa kwenye stuli ya maabara, akatazama jokofu tupu ambalo kwa miezi saba lilikuwa limewashwa kumsubiri mgeni. Kisha akampigia Hamidu, saa nne asubuhi, saa ambayo hawakuwahi kupigiana.

"Hamidu, naomba unijibu jambo moja."

"Niulize, mpenzi."

"Faili langu ulilirudisha?"

Alisikia mlango unafungwa upande wa pili.

"Siku, tulikubaliana."

"Nimekuuliza. Ulilirudisha au hukulirudisha?"

"Siwezi kulizungumzia hilo."

"Tarehe tatu mwezi wa tatu! Siku mbili baada ya vitumbua. Siku mbili! Nimekaa nawe miezi hii yote, nacheka, navaa ushungi wako, na wewe unajua kuwa faili langu limetupwa kwenye rafu?"

"Halikutupwa."

"Lilifanywa nini?"

"Siku, tafadhali. Niamini tu."

"Nikuamini kwa lipi? Wewe ulikuwa mtu pekee katika mji huu ambaye ungeweza kuandika jina lako pale chini na mimi nikapata kazi yangu. Ukaona bora unitoe mezani kwako. Ulikuwa unaogopa nini, watu waseme? Au uliona utafiti wa mwanamke wa Kolo si kitu?"

"Usiseme hivyo."

"Basi sema wewe!"

Hamidu hakusema. Hapa niwe mkweli, kanuni ilikuwa nusu tu ya sababu. Nusu nyingine ilikuwa ile sentensi aliyoichana mara tatu. Angemwelezaje kilichoandikwa mle bila kufa kwa aibu? Akasimama dirishani na simu sikioni, mwanamume mzima wa miaka thelathini na sita, akashindwa.

"Nimechoka, Hamidu," Sikudhani alisema, na sasa hakuwa akipiga kelele, jambo lililokuwa baya zaidi. "Nimechoka kusubiri watu. Usinipigie."

Hakumpigia. Alitii hilo kama alivyotii kanuni zote, na kila mmoja akabaki na jioni zake. Hamidu aliendelea kupiga mashati pasi, kwa mazoea. Sikudhani aliukunja ushungi wa rangi ya zabibu akauweka chini ya nguo za baridi. Mama yake alipopiga simu kutoka Kolo kusema karanga za mwaka huu nazo zimedumaa, alimjibu tu, "Pole, mama."

Mzee Batholomeo alirudi Juni. Alisoma faili, akaomba ukaguzi wa maabara, akaomba barua ya chuo, akaomba barua nyingine ya kuithibitisha ile ya kwanza. Tarehe ishirini na moja Agosti kibali kilitoka. Bakteria aina mbili, vichupa viwili, kwa matumizi ya maabara iliyofungwa. Hilda alipiga vigelegele. Sikudhani alisoma karatasi mara mbili, akajisikia mikono mizito tu.

Jioni ile alimtumia Ikram nakala ya kibali, wakaongea kwa simu.

"Hatimaye, shoga yangu!" Ikram alipiga kelele. "Nakufungia kesho. Viwili, si ndiyo?"

"Viwili." Sikudhani alifumba macho. Aliiwaza ile aina ya tatu, mpya, ambayo kila makala aliyosoma mwaka ule ilisema inafanya vizuri zaidi kwenye karanga. Hakuwa ameijua alipoomba. Kuiombea kibali upya ni mwaka mwingine. "Ikram."

"Naam."

"Hakuna nyongeza?"

Ikram alicheka. Alikuwa mtu wa Kondoa, amelelewa sokoni kwa bibi yake, na hakuna aliyewahi kuondoka kwenye meza ya bibi yule bila kiganja cha juu. "Wewe tena! Nitakutilia ile mpya. Kichupa chenyewe kidogo hivi, nani ataona?"

Waliona. Taratibu za kutuma zilikula wiki tatu, na mzigo ulipofika wakaguzi wa uwanja wa ndege waliufungua, wakaupeleka Mtumba. Tarehe kumi na tisa Septemba Sikudhani alipigiwa simu afike ofisini Mtumba bila kukosa. Alivaa gauni la bluu alilolitumia kwenye usaili wa chuo, akaingia kwenye chumba chenye feni iliyokuwa ikizunguka bila kuleta upepo. Mzee Batholomeo alikuwa mtu mnene mwenye miwani ya kamba, amebakiza miezi michache kustaafu. Mbele yake kulikuwa na boksi jeupe lililofunguliwa, na vichupa vitatu vimesimamishwa kwenye kishikio.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, binti. Keti. Hesabu hivyo."

"Vitatu."

"Kibali kinasema?"

"Viwili."

"Cha tatu kimetoka wapi?"

Angeweza kumsingizia Ikram. Angeweza kusema hajui, makosa ya kufungasha. Lakini uongo unataka nguvu, na yeye nguvu hiyo hakuwa nayo tena.

"Niliomba nyongeza," alisema.

Mzee Batholomeo aliivua miwani. "Uliomba nini?"

"Nyongeza. Kama sokoni. Nilimwambia mwenzangu aniongezee kimoja. Kosa ni langu, si lake."

Mabega ya yule mzee yakaanza kutikisika. Alikuwa akicheka, cheko la mtu aliyechoka, lisilo na sauti. "Miaka thelathini na moja kazini. Nimeona wanaoficha, nimeona wanaoghushi. Nyongeza sijawahi. Binti yangu, serikali haina nyongeza."

"Najua, mzee."

"Unajua inavyotakiwa? Mzigo ukizidi kibali, unateketezwa wote. Vyote vitatu."

Sikudhani aliitikia kwa kichwa. Tarehe thelathini ilikuwa imebaki siku kumi na moja. Alimwona mama yake anakung'uta udongo kwenye shina tupu. Machozi yakamtoka bila kelele, akayaacha yatoke.

"Isipokuwa," aliendelea Mzee Batholomeo, "mwombaji akikiri kwa maandishi, na faili likawa safi. Yaani pasiwe na mtu wa humu ndani aliyempa upendeleo. Hapo naruhusiwa kuteketeza kilichozidi tu. Kwa hiyo jana nililisoma faili lako ukurasa kwa ukurasa nikitafuta mkono wa mtu." Alilivuta faili la kaki lililochakaa pembe, akalifungua. Kila karatasi iliyoingia mle ilikuwa na namba yake kwa wino mwekundu, na kila karatasi yenye namba waliita folio. "Nimekuta folio ya nane. Aliyeiandika angeendelea kushika faili hili, leo wewe ungekosa vyote, na yeye angekosa kazi. Mwombaji haruhusiwi kusoma faili. Kwa hiyo mimi naenda kutafuta chai."

Akatoka, akaliacha faili wazi, limemwelekea Sikudhani.

Ilikuwa barua ya tarehe tatu Machi.

*Yah: Kuomba kujitoa katika faili la mwombaji S. Abubakari.*

*Tafadhali rejea somo hapo juu. Naomba kujitoa kushughulikia maombi haya kwa kuwa mwombaji ni mtu ninayekusudia kumuoa, endapo atakubali. Naomba taarifa hii itunzwe kwa siri. Yeye mwenyewe bado hajui.*

*Nawasilisha. Hamidu Athuman.*

Pembeni, kwa kalamu ya kijani ya mkurugenzi, kulikuwa kumeandikwa: *Imeridhiwa. Kila la heri.*

Sikudhani aliisoma mara nne. Ndipo akaangalia tarehe tena, akahesabu nyuma. Walikuwa wamefahamiana wiki nne. Hakuwa hata amemshika mkono.

Mzee Batholomeo aliporudi alimkuta amekaa wima, uso umekauka. Aliandika kukiri kwake, akasaini. Wakaenda pamoja chumba cha nyuma, kichupa cha tatu kikaingizwa kwenye mashine ya mvuke, na Sikudhani akasimama pale dakika zote hadi kengele ilipolia, kwa sababu sheria ilimtaka ashuhudie. Kisha akakabidhiwa boksi lenye vichupa viwili. Barafu ilikuwa imeyeyuka siku tatu kabla.

Hamidu alikuwa chini ya kibanda cha kuegesha pikipiki, amesimama tu. Alikuwa amekonda. Shati lilikuwa na mkunjo mgongoni.

"Nimesikia umeitwa," alisema. "Sikuingia. Siruhusiwi."

"Najua husogei usiporuhusiwa." Sikudhani alilishikilia boksi kifuani. "Barua ya posa inapelekwa kwa wazazi wa binti, Hamidu. Wewe umepeleka kwa mkurugenzi."

Damu ilimpanda Hamidu usoni hata kwa weusi wake ikaonekana. "Amekuonyesha?"

"Alikwenda kutafuta chai."

"Kanuni ilitaka sababu. Ndugu wa damu, mshirika wa biashara, au mke na mchumba. Mtu unayempenda tu haikuwemo. Nikaandika ukweli. Halafu nikaona, sasa nitamwambiaje Siku kwamba ofisi nzima imejua kabla yake?"

"Miezi minne umeniacha nikuchukie kwa aibu ya sentensi moja."

"Ndiyo. Nisamehe. Nilikosea, na si kanuni iliyokosea, ni mimi."

Upepo ulipita, ukawamwagia vumbi wote wawili. Sikudhani alitaka kucheka na alitaka kulia na hakuwa na nguvu ya lolote kati ya hayo.

"Leo sina jibu, Hamidu. Nimechoka sana. Hawa wamekaa kwenye joto siku tatu, sijui kama wako hai. Nipe siku mbili nijue hilo kwanza. Nikishajua hilo, nitajua mengine."

"Hata kumi."

"Mbili. Ndizo wanazohitaji kuota."

Mchana uleule aliwapaka bakteria wale kwenye visahani viwili vya lishe, akaviweka kwenye kabati la joto, akaenda nyumbani Area D akalala kwa muda wa saa kumi na nne.

Jumapili asubuhi Hilda alikuwa ameshafika, amevaa nguo za kanisani chini ya koti la maabara. "Sijafungua," alisema. "Nimekusubiri."

Sikudhani alifungua kabati. Kisahani cha kwanza kilikuwa tupu. Alikigeuza kwenye mwanga, akakikaribisha jichoni, tupu. Alikiweka mezani. Akachukua cha pili. Katika mistari aliyoipaka kulikuwa na vitone vidogo, rangi ya maziwa, vimejipanga kimoja baada ya kingine.

Hilda alianza kuimba. Sikudhani alitoka nje kwenye ngazi, akapiga simu. Iliita mara moja tu. Nyuma ya sauti ya Hamidu kulikuwa na kelele za soko, na mwanamke mwenye sauti ya kwaya akigombana na mteja.

"Umeota?" Hamidu aliuliza. "Yaani, wameota?"

"Mmoja. Mwingine amekufa njiani."

"Pole, Siku."

"Mmoja ananitosha. Kesho namwonyesha msimamizi. Hawafungi." Akakaa kwenye ngazi. "Uko Majengo unafanya nini?"

"Sijui. Nilishindwa kukaa nyumbani. Ruthu ananiuliza yule dada mchaguzi yuko wapi."

"Mwambie anakuja. Hamidu, baba yuko Kolo, jina lake Mzee Abubakari, nyumba iliyo mkabala na msikiti. Tafuta mshenga mwenye meno, si kama wangu. Na barua."

Kelele za soko zikafifia, alikuwa akisogea pembeni.

"Niandikeje?" Hamidu aliuliza. "Ile ilikuwa ya kiofisi. Nitaitengeneza upya, niongeze maneno mazuri, niongeze—"

"Usiongeze kitu. Nimekoma na nyongeza. Iandike vilevile kama ulivyomwandikia mkurugenzi." Sikudhani alijifuta uso kwa ncha ya ushungi wa rangi ya zabibu, ambao ulikuwa bado na alama za mikunjo. "Ila ile sentensi ya mwisho uifute. Ile inayosema mwenyewe bado hajui."